Askofu Josiah Kibira na Meza Moja

Safari hii nimeona yafaa niwaletee habari za maisha ya mtu wa nchi hii aliyejulikana duniani kote, naye amekwisha kufa siku nyingi. Mtu huyo ni Askofu Josiah Kibira wa Bukoba. Wengi wetu tuliozaliwa baada ya mwaka wa 2000 hatulijui jina lake, ingawa jambo kubwa alilolisimamia lilitangazwa Dar es Salaam, mji ambao sisi wa Kurui huuendea kwa basi na kurudi. Jambo lenyewe ni hili: je, watu wa imani moja waweza kugawanywa kwa rangi ya ngozi zao, hawa wasali huku na wale wasali kule, kisha waendelee kusema kwamba imani yao ni moja? Kibira na wenzake walijibu kuwa haiwezekani. Jibu hilo halikuwa jepesi, na kulitimiza kulikuwa kugumu zaidi.

Najua ya kuwa shule yetu ni ya Serikali, na ndani yake tumo Waislamu na Wakristo. Siandiki haya ili kumvuta mtu aingie dini hii au ile. Habari ya kutenga watu yatuhusu sote, maana aliyetengwa kanisani leo, kesho atatengwa sokoni na shuleni. Basi nawaomba mnisikilize.

Josiah Mutabuzi Isaya Kibira alizaliwa mwezi wa Agosti, mwaka wa 1925, katika nchi ya Bukoba, magharibi ya Ziwa Viktoria, karibu na mpaka wa Uganda. Wakati huo nchi yetu iliitwa Tanganyika, nayo ilikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameshindwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu wa huko ni Wahaya, wakulima wa ndizi na kahawa. Wahaya wana koo nyingi, na kila ukoo una mwiko wake. Mtu wa ukoo wako ni ndugu yako hata kama hujapata kumwona. Akifika mlangoni kwako hupewa chakula, na akifiwa nawe umefiwa. Shikeni sana jambo hili la ukoo, kwa sababu Kibira alilifikiri muda mrefu na baadaye aliliandikia kitabu.

Kanisa la Kilutheri la Bukoba lilikuwa bado changa. Kabla wamisionari wa Kijerumani kutoka Bethel hawajafika mwaka wa 1910, walikuwako Wahaya waliokwisha kusoma Injili kwa jirani zao wa Uganda. Vita Kuu ilipoingia, Wajerumani waliondolewa, na kazi ikabaki mikononi mwa walimu Waafrika. Vita ya pili ilipotokea mwaka wa 1939, mambo yakawa yale yale: Wajerumani walikamatwa, na baadaye Waswidi wakaja kusaidia. Kwa hiyo Kibira alikua katika Kanisa ambalo mara mbili liliachwa bila ya mabwana zake, wala halikufa. Aliona kwa macho yake kwamba Mwafrika aweza kulitunza Kanisa.

Lakini nje ya Kanisa mambo hayakuwa hivyo. Katika Tanganyika ya wakati ule shule za Wazungu zilikuwa mbali, za Wahindi mbali, na za Waafrika mbali. Mjini Dar es Salaam Wazungu walikaa Oysterbay, Wahindi walikaa karibu na maduka yao, na Waafrika walikaa Kariakoo. Hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Hakuna aliyeona ajabu, maana jambo likikaa siku nyingi watu hudhani ndivyo Mungu alivyoliumba. Kutenga shule kwa rangi kulikomeshwa baada ya Uhuru, mwaka wa 1962.

Kibira alisoma, akawa mwalimu wa shule. Katika miaka ya 1940 alijiunga na ndugu wa Uamsho, ambao huko kwao na Uganda huitwa Balokole, yaani waliookoka. Yafaa tueleze kidogo habari za Uamsho huo, kwa sababu ndio uliomfundisha kwanza jambo la rangi. Mwaka wa 1929 Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, na daktari Mwingereza, Joe Church, walikutana Namirembe karibu na Kampala, wakaketi pamoja kusoma Biblia na kuomba kama marafiki. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini katika nchi ya Rwanda, ukaenea Uganda, Bukoba, Kenya na nchi nyingine. Katika mikutano ya ndugu hao Mzungu alisimama mbele ya Waafrika akaungama dhambi zake, hata dhambi ya kiburi na ya kuwadharau weusi. Mwafrika naye alisimama akaungama wizi wake na chuki yake. Walikula pamoja na kulala nyumba moja walipokuwa safarini. Katika ukoloni wa siku zile jambo hili lilikuwa la kushangaza sana, wala halikupendwa na kila mtu. Hata baadhi ya wakubwa wa makanisa waliliona kuwa ni kelele na utovu wa adabu. Lakini kijana Kibira alipata hapo somo ambalo hakulisahau: kwamba mbele ya Mungu hakuna kiti cha mbele cha Mzungu na mkeka wa nyuma wa mweusi.

Kanisa likamwona kuwa ni mtu wa akili na wa kuaminika, likampeleka Ujerumani kusoma elimu ya dini, akabarikiwa kuwa mchungaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alivuka bahari tena, akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Ni chuo kile kile ambacho Martin Luther King alipata udaktari wake mwaka wa 1955. Miaka hiyo ndiyo watu weusi wa Marekani walipokuwa wakiandamana kudai haki zao, na maandamano makubwa ya Washington yalikuwa mwezi wa Agosti, 1963. Katika nchi ile ya Wakristo wengi, weusi na weupe walikuwa na makanisa mbalimbali tangu zamani. Kanisa kubwa la Waafrika Wamethodisti la huko lilianza rasmi mwaka wa 1816, na chanzo chake ni kwamba weusi walitengwa walipokwenda kusali pamoja na weupe. Basi popote Kibira alipokwenda, swali lilikuwa lile lile.

Aliporudi nyumbani alikuta Kanisa linabadilika. Tarehe 19 Juni, 1963, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana yakawa Kanisa moja. Saba hayo yalikuwa yamepandwa na wamisionari wa Ujerumani, Sweden, Marekani na nchi nyingine, na kila moja lilikuwa na desturi zake na watu wake. Moja lilikuwa la huku kwetu, Uzaramo na Uluguru, ambalo mizizi yake ni vituo vilivyojengwa na Wajerumani Dar es Salaam, Kisarawe na Maneromango kabla ya mwaka wa 1900. Kwa hiyo Mzaramo wa Maneromango, Mchaga wa Machame na Mhaya wa Bukoba wakawa watu wa Kanisa moja.

Askofu wa kwanza wa Bukoba alikuwa Mswidi, Bengt Sundkler, naye alikuwa mtu wa elimu nyingi. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi Afrika ya Kusini, katika nchi ya Wazulu, na mwaka wa 1948 alitoa kitabu kikubwa juu ya makanisa ya Waafrika waliojitenga na makanisa ya Wazungu. Alichunguza kwa nini walijitenga, na akaona kwamba sababu moja kubwa ilikuwa ubaguzi wa rangi. Mwaka wa 1964 Sundkler aliacha uaskofu, na Josiah Kibira akashika mahali pake. Umri wake ulikuwa haujatimia miaka 40. Alikuwa Askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Bukoba, nalo ndilo Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Aliikaa kazi hiyo miaka 20.

Mwaka wa 1974 kilitoka kitabu chake juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu. Aliandika jinsi ukoo wa Kihaya, Kanisa na Uamsho vinavyogusana. Mtu akiingia katika imani huwa amepata ndugu wapya, nao si wa damu yake tu. Mwenye ukoo wa namna hiyo hawezi kumwambia ndugu yake ale uani kwa sababu ngozi yake ni nyeusi au nyeupe.

Sasa yatupasa twende kidogo Afrika ya Kusini, ili tufahamu mzigo aliokuja kutwikwa. Mwaka wa 1857 mkutano mkuu wa Kanisa la Kiholanzi la huko Cape, ambalo ndilo kanisa la Makaburu, ulikubali kwamba weusi na machotara waweza kuwa na ibada yao mbali. Waliokubali walisema kuwa si haki kwa Maandiko, bali waliruhusu kwa ajili ya udhaifu wa watu wengine wasiotaka kuketi pamoja nao. Tazameni, wasomaji, jinsi jambo baya liingiavyo. Liliingia kwa kuombewa radhi. Mwaka wa 1881 likafanywa kanisa mbali kabisa kwa ajili ya machotara. Mwaka wa 1892 mchungaji Mwafrika, Mangena Mokone, alichoka kutengwa na wachungaji wenzake Wazungu katika kanisa la Kimethodisti mjini Pretoria, akatoka na kuanzisha kanisa la Kiethiopia. Hata mwaka wa 1948, chama cha Makaburu kilipochukua serikali na kuweka sheria za kutenga watu katika kila kitu, wenyewe walikuwa na mfano tayari: waliweza kuonyesha makanisa. Udhaifu uliohurumiwa mwaka wa 1857 umekuwa sheria ya nchi.

Walutheri nao hawakuwa safi. Katika Afrika ya Kusini na katika Namibia, ambayo wakati huo iliitwa Afrika ya Kusini Magharibi na kutawaliwa na Makaburu, yalikuwako makanisa ya Kilutheri ya Wazungu wenye asili ya Kijerumani, na makanisa ya Kilutheri ya Waafrika. Kitabu cha imani kilikuwa kimoja. Sala zilikuwa zile zile. Luther wao alikuwa mmoja. Lakini Jumapili hawa walikwenda huku na wale kule, na Mwafrika aliyefua nguo za Mzungu siku sita hakuweza kupokea Chakula cha Bwana pamoja naye siku ya saba. Mwezi wa Desemba, 1975, makanisa ya Waafrika ya Afrika ya Kusini yaliungana kuwa moja, lakini yale ya Wazungu yalibaki nje.

Waafrika hawakunyamaza. Mwaka wa 1971 wakuu wa makanisa ya Kilutheri ya weusi wa Namibia, Leonard Auala na Paulus Gowaseb, walimwandikia Waziri Mkuu Vorster barua ya wazi, wakamweleza kwamba serikali yake inawanyima watu wao haki za binadamu. Tarehe 16 Juni, 1976, watoto wa shule wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kikaburu, wakapigwa risasi. Wengi wao walikuwa wa umri wetu, na wengine wadogo kuliko sisi.

Mwaka mmoja baadaye, kuanzia tarehe 13 mpaka 25 Juni, 1977, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita mjini Dar es Salaam. Fungamano hilo lilianzishwa mwaka wa 1947 mjini Lund, Sweden, na kwa miaka 30 Marais wake wote walitoka Ulaya au Marekani. Mkutano huo ulikuwa wa kwanza kufanywa Afrika. Wajumbe walitoka pande zote za dunia, wakajadili umoja mpya walio nao katika Kristo. Lakini ni nani angeweza kusema habari za umoja Dar es Salaam bila ya kutazama kusini? Wapigania uhuru wa Namibia, Zimbabwe na Afrika ya Kusini walikuwa wakikaa katika mji huo huo. Kumbukumbu ya mwaka mmoja ya watoto wa Soweto iliangukia katikati ya siku za mkutano.

Ndipo mkutano ulipotamka neno lake. Nitalieleza kwa maneno yangu, maana ni neno la kufikiri. Katika kila dini yako mambo ambayo watu waweza kuhitilafiana bila ya kuvunja udugu. Huyu ataka ngoma kanisani, yule ataka kinanda. Huyu ni wa chama hiki cha siasa, yule wa kile. Hayo hayamtoi mtu katika imani. Lakini mara nyingine mpango wa nchi hupotoka na kudhulumu hata mtu wa imani hawezi tena kusema ni jambo la hiari. Mkutano ulisema kwamba ubaguzi wa rangi wa kusini umefika hapo. Kuukataa waziwazi ni sehemu ya kuiungama imani yenyewe, na Kanisa linaloukubali limeigusa imani mahali pake pa ndani. Makanisa ya Wazungu ya kusini yakaombwa yaseme hadharani kwamba yanaukataa.

Neno hili halikuanzia Dar es Salaam. Mwaka wa 1933, Hitler alipokuwa ameshika Ujerumani, wako Wakristo waliotaka wachungaji wenye asili ya Kiyahudi wafukuzwe. Dietrich Bonhoeffer na wenzake walikutana Bethel kuandika ungamo la kuwapinga. Bethel ni mji ule ule uliotuma wamisionari wa kwanza wa Bukoba. Twaona basi kwamba ubaguzi wa rangi na wa damu umeyajaribu makanisa mahali pengi, si Afrika tu.

Katika mkutano huo wa Dar es Salaam wajumbe walimchagua Josiah Kibira kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho. Mtu mmoja aweza kudhani kwamba kazi ilikwisha hapo, kwa shangwe na nyimbo. La, kazi ndiyo kwanza ilianza. Kuandika tamko ni kazi ya siku mbili. Kulitimiza kulichukua miaka saba, na miaka yote saba Rais alikuwa Kibira.

Hebu tufikiri hali yake ilivyokuwa. Makanisa ya Wazungu ya kusini yalikuwa na ndugu zao Ujerumani, na makanisa ya Ujerumani yalikuwa marafiki wa zamani wa Kanisa la Bukoba. Yalilisaidia kwa watu na kwa fedha. Walikuwako watu wa Ulaya waliosema kwamba jambo hili ni siasa, wala halifai kuingizwa katika ungamo la imani. Wengine walisema subirini, msivunje daraja, mkiwatoa hawatasikia tena. Hoja hiyo ya pili haikuwa ya kipumbavu, maana mtu aliyefukuzwa mezani huwa hasikii yanayosemwa mezani. Lakini kwa upande mwingine walikuwako ndugu weusi wa Namibia na Afrika ya Kusini, waliokuwa wakifungwa na kuuawa. Miezi mitatu tu baada ya mkutano, mwezi wa Septemba, 1977, Steve Biko alikufa mikononi mwa polisi wa Makaburu. Kuwaambia hao wasubiri zaidi ilikuwa kuwarudishia maneno ya mwaka wa 1857: udhaifu wa watu wengine uhurumiwe kwanza.

Tena Kibira hakuacha dayosisi yake. Alikuwa Rais wa dunia na papo hapo Askofu wa wakulima wa kahawa. Mwezi wa Oktoba, 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia nchi ya Kagera, yakachoma nyumba na kuua watu, na maelfu wakakimbia makwao. Hayo yalitokea katika nchi ya dayosisi yake mwenyewe. Waliowaua Waafrika wa Kagera walikuwa Waafrika. Sidhani kuna aliyekuwa na sababu zaidi ya yeye ya kufahamu kwamba dhuluma haina rangi moja.

Makanisa mengine nayo yalifuata njia hiyo. Mwaka wa 1982 umoja wa makanisa ya Kirifomu duniani ulikutana Ottawa, Kanada, ukasimamisha uanachama wa makanisa ya Makaburu. Mwaka wa 1984 Walutheri walikutana Budapest, Hungaria, Kibira akiwa bado Rais. Makanisa mawili ya Wazungu, moja la Afrika ya Kusini na moja la Namibia, yalikuwa hayajatimiza lile lililoombwa Dar es Salaam. Basi mkutano ukayasimamisha uanachama. Hayakulaaniwa, wala mlango haukupigwa kufuli. Yaliambiwa kwamba yakiukataa ubaguzi waziwazi na kushughulika na umoja pamoja na ndugu zao weusi, nafasi yao ipo.

Mwaka huo wa 1984 Kibira alimaliza uraisi wake, na uaskofu wake pia. Alikufa mwezi wa Julai, mwaka wa 1988, umri wake ukiwa karibu miaka 63. Hakuona matunda ya kazi yake. Nelson Mandela alitoka kifungoni mwezi wa Februari, 1990. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi, mwaka ule ule. Tarehe 27 Aprili, 1994, watu wote wa Afrika ya Kusini walipiga kura katika mistari mirefu, mweusi nyuma ya mweupe na mweupe nyuma ya mweusi. Na yale makanisa mawili yalirudishwa katika Fungamano mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wale waliohofu kwamba daraja litavunjika waliona kuwa halikuvunjika.

Hata hivyo haifai niwadanganye wasomaji kwamba mambo yote yamekwisha. Katika Namibia mpaka leo yako makanisa matatu ya Kilutheri, na moja lao ni la wenye asili ya Kijerumani. Yana baraza la pamoja tangu mwaka wa 2007, lakini hayajawa kanisa moja. Katika Afrika ya Kusini pia makanisa yenye asili ya Kijerumani yako mbali na lile kubwa la Waafrika. Sheria ya kutenga watu iliweza kufutwa kwa kalamu. Mazoea ya Jumapili hayafutwi na serikali yoyote. Kilichochukua miaka zaidi ya 100 kujengwa hakibomoki kwa siku moja.

Je, sisi wa Kurui tupate nini katika maisha ya mtu huyu? Naona mambo mawili.

La kwanza, utengano mkubwa huanza na ruhusa ndogo. Wale wa mwaka wa 1857 hawakukusudia kujenga nchi ya Makaburu ya mwaka wa 1948. Walitaka tu kuwapa watu wachache nafasi ya kutokuketi na wengine. Hapa kwetu rangi si jambo kubwa, lakini kabila laweza kushika mahali pa rangi, na dini laweza, na mali yaweza. Katika bwalo letu Mzaramo, Mkwere, Mmakonde na Mhaya huketi benchi moja, na Muislamu na Mkristo hupakuliwa ugali na maharage kutoka sufuria moja. Tumezoea, tena twaona ni jambo dogo. Lakini mtu akija na sababu nzuri, akasema kwamba watu fulani wakae meza yao kwa ajili ya amani, tukumbuke kwamba sababu nzuri zilikuwapo tangu zamani. Wazazi nao, mnapomwuliza kijana kabila lake kabla hamjamwuliza tabia yake, mnafanya kazi ile ile kwa kipimo kidogo.

La pili, kupinga ubaya si sawasawa na kumchukia mtu. Kibira aliwasimamia weusi wa kusini bila ya kuwafanya Wazungu kuwa adui. Alikuwa amesoma kwao, amekula kwao, na alipokea kazi yake kutoka kwa Mswidi. Ndiyo maana neno lake lilikuwa zito. Hakuna aliyeweza kusema kwamba asema kwa chuki. Alingoja miaka saba, lakini katika kungoja hakulegeza masharti. Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini subira waliyoisifu si ya mtu aliyelala.

Bukoba kilianzishwa chuo kikapewa jina lake, ili wanafunzi walikumbuke. Ni vizuri. Ila naona kumbukumbu iliyo bora ni pale watu wa koo mbalimbali wanapoketi meza moja, na hakuna anayeulizwa kwa nini ameketi hapo.

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne